Daftari Linaloishia Chini ya Mbao

SWALI: Mimi ni fundi wa milango ya nakshi. Kila mwaka naazimia kujifunza kuweka hesabu za karakana, lakini baada ya wiki mbili daftari huishia chini ya mbao. Je, umri umenipita? — Fundi, Langoni, Lamu.

JIBU: Ndugu fundi, umri haukuzuii, na uvivu siuoni kwa mtu anayeshika patasi kila asubuhi. Wiki mbili ni chache mno. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa London, uliochapishwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba tabia mpya huchukua takriban siku 66 kuwa mazoea, ingawa wapo waliohitaji 18 tu na waliokadiriwa kufika 254. Tena kuruka siku moja hakukuharibu kitu.

Usitafute wakati mpya, bali lifunge somo kwenye jambo ulifanyalo tayari. Ufunguapo karakana, kabla ya kunoa patasi, andika mapato na matumizi ya jana: mbao, gundi, msasa, ujira wa kijana. Kisha funika daftari uyataje kwa kichwa, kwa kuwa kukumbuka bila kutazama hukaza elimu kuliko kusoma tena na tena. Arubuni ya mteja ipe ukurasa wake, maana hapo ndipo mafundi wengi hupotea: fedha huonekana faida, kumbe ni mbao ambazo bado hazijanunuliwa.