Chama cha wanafunzi wa sosholojia na mtaa uliochoka na hojaji: jibu refu

Mkuu, umeuliza mambo mawili: chama cha wanafunzi wa idara ya sosholojia kifanye nini zaidi ya bash (sherehe) na safari ya Bagamoyo, na kwa nini wakazi wa mtaa ulio nyuma ya chuo wamegoma kujaza hojaji zenu. Jibu ni moja. Wamegoma kwa sababu kila mwaka hupita wanachuo wapya na maswali yale yale, na hakuna anayerudi kuwaambia alichokipata. Shikeni mtaa mmoja kwa miaka kadhaa, mrudishe majibu kila mara, na shughuli nyingine zote za chama mzipange kuuzunguka mtaa huo.

Nazungumzia Tanzania Bara. Zanzibar mlango ni sheha, kiongozi wa serikali wa eneo. Kenya mtapita kwa chifu na msaidizi wake, na kibali cha utafiti hutolewa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia.

Kwanza mjue nani ni nani. Mwenyekiti wa mtaa amechaguliwa na wakazi (mara ya mwisho Novemba 2024), kipindi chake ni miaka 5. Mtendaji wa mtaa ni mwajiriwa wa halmashauri, anaweza kuhamishwa muda wowote. Mkijenga uhusiano na mmoja tu, akiondoka mnaanza upya. Halafu kuna balozi wa nyumba kumi. Yeye ndiye anayejua nani anaishi wapi, nani kafiwa, nani kahamia juzi, kwa hiyo wanachuo humkimbilia awatembeze. Tatizo ni kwamba tangu vyama vingi virudi balozi ni ngazi ya chama tawala, si ya serikali. Mkipita naye nyumba kwa nyumba, baadhi ya wakazi watajibu kama wanaohojiwa na chama, na wengine hawatafungua mlango. Mpelekeeni salamu, mkae naye barazani, lakini wa kuwatembeza awe mjumbe wa serikali ya mtaa. Na miezi ya karibu na uchaguzi msikusanye watu kabisa, hata kwa somo la usafi.

Barua. Kwa utafiti mnaanza na kibali cha chuo, kisha Katibu Tawala wa Mkoa, Katibu Tawala wa Wilaya, Mkurugenzi wa Halmashauri, Mtendaji wa Kata, ndipo mtaa. Kila ofisi hubaki na nakala na kuandika barua ya kuwatambulisha kwa ofisi inayofuata, kwa hiyo toeni nakala kama 8 na muanze wiki 6 kabla. Barua hukwama masjala (ofisi ya kupokea na kutunza barua), si mezani kwa bosi. Ukiikabidhi, omba namba ya kumbukumbu na uiandike; bila namba hiyo utaambiwa "barua yako haionekani". Barua iliyosainiwa na katibu wa chama peke yake hurudishwa, lazima iwe na saini ya mkuu wa idara na mhuri. Kwa shughuli isiyo ya kukusanya data (semina, usafi, masomo ya jioni) kwa kawaida inatosha kumwandikia Mkurugenzi, nakala kwa Afisa Maendeleo ya Jamii. Huyo afisa, hasa wa ngazi ya kata, ndiye mwenza wa asili wa idara ya sosholojia. Anahudumia kata nzima na mara nyingi hana hata usafiri, hivyo wanachuo 15 wenye nidhamu kwake ni msaada wa kweli.

Shughuli ya kwanza iwe ramani ya mtaa inayochorwa na wakazi wenyewe. Makundi matatu, wanawake, wanaume na vijana, kila moja watu 8 hadi 12, kila moja mahali pake. Wachore chini kwa kijiti na majivu, mbegu ziwe nyumba, kokoto ziwe visima na magenge ya mbogamboga. Ninyi mnakili kwenye karatasi ya manila na kupiga picha ya mchoro, si ya watu. Tengeni saa moja na nusu. Kijiti abaki nacho mkazi. Mwanachuo akikishika, wazee hunyamaza na ramani inakuwa yake. Mkizilinganisha ramani tatu mtaona somo zima la jinsia na nafasi ya umma bila kufungua kitabu: wanawake huweka bomba la maji na njia isiyo na taa, vijana huweka kijiwe na uwanja, wanaume huweka ofisi, baa na mipaka.

Onyo: maeneo yenye kumbukumbu ya bomoabomoa, kupima pima na simu zenye GPS huzua taharuki. Semeni mapema kwenye mkutano wa mtaa kwamba ramani si ya ardhi. Na msiweke kamwe alama ya chaki kwenye nyumba mliyokwisha kuihoji. Mtu aliyewahi kuona X nyekundu ya kubomoa ikichorwa ukutani kwa jirani hatakuuliza maana yake, atakwenda kupiga kelele kwa mwenyekiti. Orodha ikae kwenye daftari.

Sasa hojaji, ambako idara nyingi huharibu. Kosa kubwa ni kuchanganya nyumba na kaya. Uswahilini nyumba moja ya vyumba sita inaweza kuwa na kaya tano, kila moja na jiko lake. Ukichukua kila nyumba ya kumi na kumhoji aliyetoka mlangoni, utampata mwenye nyumba au mkewe, na wapangaji wote watapotea kwenye matokeo. Kisha mtu anaandika ripoti kwamba asilimia kubwa ya wakazi wanamiliki nyumba! Fanyeni hivi: tumieni namba za anwani za makazi zilizobandikwa mwaka 2022 kama mwanzo wa orodha, mpite kila nyumba mkiuliza "hapa wanapika vyungu vingapi?", muandike kila kaya kwa namba. Ikitoka orodha ya kaya 600 na mnataka 60, gawanyeni 600 kwa 60, nafasi kati ya kaya na kaya ni 10: pigeni kura ya namba kati ya 1 na 10, hapo ndipo pa kuanzia, kisha kila kaya ya kumi. Kaya isiyopatikana irudiwe mara tatu kwa nyakati tofauti kabla ya kuiacha. Saa nne asubuhi mtawakuta akina mama na wastaafu tu. Bodaboda na wamachinga wanapatikana usiku au Jumapili.

Maswali 25 yanatosha, yaandikwe kwa Kiswahili tangu mwanzo. Hojaji iliyofikiriwa kwa Kiingereza huleta vitu kama "kipato chako cha mwezi ni kiasi gani" kwa mtu anayepata kwa siku na kutumia kwa siku. Muulize jana aliingiza nini, na wiki iliyopita siku ngapi hakuuza. Mjaribu kwa watu 10 wa mtaa mwingine kwanza. KoboToolbox, programu ya kujazia hojaji kwenye simu, inafanya kazi bila bando huko fildi, mnapakia mkirudi chuoni.

Utambulisho una uzito kuliko mnavyodhani. Msipoeleza vizuri, wakazi watawaweka kwenye moja ya mafungu mawili: TASAF (mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini), na hapo kila mtu ni fukara hata mwenye maduka mawili, au TRA (mamlaka ya kodi), na hapo hakuna mwenye biashara. Shikamoo kwa wakubwa, jina la chuo, barua mkononi, na sentensi moja isiyofichwa: "Hatugawi fedha, hatuandikishi mtu kwenye mpango wowote, majibu tutayaleta mkutanoni." Posho ya mhojiwa msianze. Mkilipa mwaka huu, mwakani hamna fedha na mlango umefungwa. Maji na soda kwenye majadiliano ya kikundi, nauli kwa aliyetoka mbali, basi.

Mrejesho kwa wakazi ufanyike ndani ya wiki 8 baada ya hojaji. Mwombeni mtendaji auingize kwenye ajenda kabla tangazo la mkutano halijatoka, mpewe dakika 20. Karatasi moja, herufi kubwa, nakala nyingine ubao wa matangazo. Semeni "kaya 23 kati ya 60", achaneni na asilimia. Mwenyekiti ayaone matokeo siku mbili kabla ili asishtukizwe mbele ya watu, ila takwimu hazibadilishwi kwa ombi lake. Na angalieni mifano: "mjane mwenye genge karibu na msikiti" hana jina kwenye ripoti, lakini mtaa mzima umemjua. Kuanzia 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika, orodha zenye majina na namba za simu hazikai kwenye grupu la WhatsApp la chama.

Baada ya hapo ndipo huduma. Yenye faida kubwa ni kusaidia vikundi vinavyoomba mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu). Vikundi hukwama kwenye karatasi: katiba, muhtasari wa kikao, andiko la mradi. Kaeni nao, waulizeni, waandike wao. Mkiwaandikia ninyi andiko zuri la kitaalamu, afisa atakuja kuwatembelea, katibu wa kikundi atashindwa kueleza hesabu yake mwenyewe, na ombi limekufa.

Ziara za vituo vya watoto yatima mimi ningezipunguza. Sabuni boksi mbili na picha 40 mtandaoni, watoto wakiwa mbele, si sosholojia. Pia, mwanachuo akikutana na dalili za ukatili kwa mtoto asijifanye mpelelezi: afisa ustawi wa jamii, dawati la jinsia na watoto la polisi, au simu 116.

Ndani ya idara, mhadhara wa wazi mmoja kwa muhula unatosha, ila mgeni atoke mtaani: mwenyekiti wa VICOBA (kikundi cha kuweka na kukopa), mtendaji, fundi anayechukua vijana mafunzoni. Azungumze yeye kwanza dakika 30, wahadhiri wachangie baadaye. Akianza profesa, mgeni hujibu anachodhani profesa anataka kusikia.

Uongozi wenu hubadilika kila mwaka, kwa hiyo tengenezeni jalada la makabidhiano, moja kwa mlezi wa chama na moja ofisi ya idara: nakala za barua na namba zake, majina ya viongozi wa mtaa, tarehe za mikutano mliyohudhuria, kila ahadi mliyoitoa na kama imetimizwa, hojaji za nyuma ili mwakani wasiulize yale yale. Katibu mpya apelekwe mtaani na katibu anayeondoka, ana kwa ana, kabla ya mitihani ya mwisho kuanza, maana baada ya hapo finalisti (wa mwaka wa mwisho) humpati tena.

Fulana za chama zisubiri mwaka wa pili. Fedha hiyo ichapishe mrejesho.