Kabla ya kulifunga, pimeni kwanza

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: duka la vileo likishukiwa kukiuka masharti ya leseni yake, lifungwe papo hapo au liachwe liendelee na biashara hadi kamati ya leseni isikilize pande zote mbili? Jibu langu lilikuwa mdomoni kabla sijafika mwisho wa swali: lifungwe. Mimi ni mwalimu mstaafu, na ninaishi Mombasa katika mtaa ambao sitautaja, kwa sababu wote ninaotaka kuwazungumzia bado ni majirani zangu. Barabara yetu ina shule ya msingi, madrasa na duka la vileo, na sijakutana na mzazi, awe Muislamu au Mkristo, awe mnywaji au asiyeonja, anayefurahia mwanawe kupita mbele ya veranda ya walevi saa saba mchana akitoka shuleni.

Sheria yenyewe si fumbo. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ambayo wengi bado wanaiita sheria ya Mututho, kwa jina la mbunge aliyeipeleka bungeni, inataka mahali pa kuuzia pombe pawe umbali wa mita 300 au zaidi kutoka shule na taasisi nyingine za mafunzo kwa walio chini ya miaka 18, inakataza kuwauzia hao kileo, na inatenganisha leseni ya baa, ambako mtu anaketi na kunywa, na leseni ya duka, ambako mtu ananunua na kuondoka na chupa yake. Katiba ya mwaka huohuo, katika Jedwali la Nne, iliweka utoaji wa leseni za vileo mikononi mwa kaunti. Kwa hiyo swali la kufunga au kutofunga lina majibu yake katika vitabu. Mimi linanisumbua jingine: siku ya kusikiliza ikifika, ni nani anayekuja na ushahidi, na ni nani anayekuja na hasira tu?

Nasema hivyo kwa sababu ya kikao kimoja kilichofanyika karibu na ofisi ya chifu, chini ya mwarobaini, baada ya wakazi kuandika barua ya malalamiko ambayo na mimi niliitia sahihi. Barua ilikuwa na madai matatu: kwamba duka liko karibu mno na watoto, kwamba linauzia wanafunzi, na kwamba wateja wanakunywa pale pale verandani ilhali leseni ni ya kununua na kuondoka. Walikuja wanakamati, afisa wa afya ya umma na askari wawili. Mwenye duka alikuja na mpwa wake na faili la plastiki lenye leseni, kibali cha biashara, cheti cha afya na risiti, kila karatasi mahali pake. Sisi tulikuja wengi, tena mikono mitupu, isipokuwa mwalimu mmoja wa shule aliyekuwa na kitu kilichofungwa katika gazeti.

Walianza na umbali, na hapo ndipo asubuhi nzima ilipoishia. Afisa alikuwa na utepe wa mita hamsini, ambao ulibidi utandazwe, utiwe alama ya chaki, uvutwe, utandazwe tena, huku watoto wakiukanyaga na bodaboda wakipiga honi. Mpwa wa mwenye duka alishikilia kwamba umbali upimwe kwa njia ambayo mtu anaipita kwa miguu, kuzunguka ukuta wa shule hadi lango kuu. Na kwa njia hiyo duka lilivuka mita 300 bila wasiwasi. Wazazi wakasema hapana, kuna lango dogo la nyuma, watoto wote wanalitumia, na kutoka pale hata utepe hauhitajiki, macho yanatosha. Ikaitwa shule iseme lango lake ni lipi. Ikajibiwa kwamba lango la nyuma halitambuliwi rasmi, ingawa wakati huohuo watoto watatu walikuwa wakilipita wakiwa na mahamri mkononi.

Kisha ikaja hoja ya madrasa, iliyo karibu zaidi, nyumba chache tu kutoka dukani. Afisa aliuliza kama imesajiliwa, kwa kuwa hakuwa na hakika kama inahesabika miongoni mwa hizo taasisi nyingine za mafunzo. Maalim, ambaye si mtu wa kupandisha sauti, alimwambia, "Bwana afisa, usajili ni wa jengo. Mtoto wa miaka minane ni wa miaka minane, jengo lisajiliwe lisisajiliwe." Watu walipiga makofi. Afisa aliandika kitu katika daftari lake, na hadi leo hatujui aliandika nini.

Dai la pili lilikuwa zito kuliko yote, na ndilo lililotuangukia. Yule mwalimu alifungua gazeti lake akatoa chupa tupu ya mililita 250, ile ndogo wanayoiita kota, akasema ilipatikana katika mkoba wa mwanafunzi. Mwenye duka, mama mtu mzima ambaye mpaka hapo alikuwa amemwachia mpwa wake aseme, aliiomba chupa. Aliishika shingoni, akaigeuza polepole kwenye mwanga, akapitisha ukucha pale kwenye kifuniko ambapo stempu ya ushuru ya KRA, yaani mamlaka ya kodi, hubandikwa kuonyesha kwamba kileo ni halali. Palikuwa pakavu, bila hata alama ya gundi. Akasema, "Mzee mwenyekiti, mtume mtu dukani kwangu sasa hivi, achukue chupa yoyote anayotaka. Zote zina stempu. Hii haikutoka kwangu, na nyinyi mnajua inatoka wapi." Askari mmoja alipelekwa, akarudi na chupa mbili, zote zina stempu. Mkutano ulinyamaza, maana kweli tulijua. Nyuma ya mtaa kuna nyumba inayouza bila leseni, bila stempu, bila saa ya kufungua wala ya kufunga, na hakuna aliyewahi kuiandikia barua, kwa sababu haina leseni ya kupitiwa upya, na kwa sababu mwenyewe ni wa hapahapa.

Ndipo mtu mmoja nyuma akapaza sauti kwamba mama yule arudi kwao bara. Mwenyekiti alimkemea, lakini neno lilikuwa limeshatoka, na kuanzia hapo hata dai la tatu, ambalo lilikuwa la kweli kabisa na kila mtu ameliona kwa macho yake, likapoteza nguvu. Mabenchi yalikuwepo verandani. Alipoulizwa, mama alitazama chini, akasema wateja ndio wanaokaa wenyewe. Hilo lilikuwa kosa la wazi la kukiuka leseni, na halikupewa hata robo ya muda uliotumiwa kuvuta utepe.

Kamati iliondoka na ahadi ya jibu la maandishi. Duka lilifungwa kwa muda, kisha likafunguliwa, na hakuna karatasi iliyobandikwa popote kutueleza sababu ya kulifunga wala ya kulifungua. Muda wote lilipokuwa limefungwa, vijana wale wale walihamia kwenye nyumba ya nyuma.

Najua kuna watakaoniambia nikumbuke kaunti ya Kirinyaga. Nakumbuka. Mapema mwaka 2024 watu zaidi ya kumi walikufa huko kwa pombe yenye sumu, na Serikali ikatangaza hatua kali nchi nzima, zikiwemo za kusimamisha leseni kwanza na kukagua baadaye. Lakini katika mkasa ule ule ilielezwa kwamba pombe hiyo ilikuwa kielelezo cha kesi kilichotoka kituo cha polisi. Kufuli kwenye duka lenye leseni halingeizuia.

Kwa hiyo, ingawa nilianza kwa kusema lifungwe, naona sasa siwezi kulitetea jibu hilo hadi mwisho. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya uamuzi wa kiutawala ulio wa haki na wa haraka, na anayeathiriwa ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Haki hiyo ni ya mama mwenye duka, hata kama siipendi biashara yake, na sioni ni kwa nini sisi tulioandika barua tusisomewe uamuzi huohuo kwa Kiswahili mlangoni kwa chifu. Duka linaloshukiwa lisikilizwe kwanza, tena ndani ya siku chache, si miezi. Wakati wa kusubiri, kamati iondoe kinachoonekana kwa macho, yaani mabenchi, na duka libaki la kununua na kuondoka kama leseni inavyosema.

Naweka mipaka miwili. Chupa isiyo na stempu ikikutwa kwenye rafu, funga saa hiyohiyo, kwa sababu hapo hoja ni uhai wa watu, haihitaji kikao. Na afisa akishuhudia mwenyewe mtoto akiuziwa, vilevile. Lakini "tumesikia" na "kila mtu anajua" visitoshe kumnyima mtu riziki, na hili nalisema nikijua kwamba barua nyingine ikipitishwa mtaani kwetu kuhusu veranda ile nitaitia sahihi tena. Nitakachodai safari hii ni kwamba iandikwe tarehe na saa, picha ya mabenchi iambatanishwe, na nyumba ya nyuma itajwe katika barua hiyohiyo.