Mashine ya presha imehamia kabati la vyombo

Maumivu ya kifua niliyaacha hospitali, hofu nikarudi nayo nyumbani Tabata. Nilikuwa nimepata mshtuko wa moyo, nikazibuliwa mshipa na kuwekewa stenti, kijibomba cha wavu kinachouweka mshipa wazi, pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Muhimbili. Mchana nilijikaza mbele ya wageni. Usiku, watu wakishalala, nilibaki nausikiliza moyo. Ukipiga kwa nguvu, naona mshtuko unarudi. Ukitulia, naona unataka kusimama.

Kijana wangu akaninunulia mashine ya presha Kariakoo. Usiku mmoja ikasoma 134 kwa 82. Sikuridhika, nikapima tena: 146. Tena: 158. Saa tisa mke wangu akaamka, akanikuta ukingoni mwa kitanda, mkanda wa mashine bado mkononi, shuka limelowa jasho. Hakuniuliza kitu. Alinivua ule mkanda taratibu, akakaa nami mpaka adhana.

Siku ya kliniki nilimweleza sista yote, hata yale niliyoona aibu kuyasema. "Baba, hapo ulikuwa unapima hofu," akaniambia. "Pima asubuhi na jioni basi, ukae umetulia dakika tano kwanza, uandike kwenye daftari. Na mashine akutunzie mama." Sasa inakaa nyuma ya vikombe vya wageni. Wewe unayelala macho wazi kama mimi, mwambie daktari wako. Wasiwasi baada ya mshtuko wa moyo huwapata wengi, na una matibabu yake.

Lakini nieleweke. Kifua kikibana, maumivu yakaenda mkononi au kwenye taya, jasho la baridi likakutoka au pumzi ikakata, usikae kujiuliza kama ni hofu. Upelekwe hospitali saa hiyo hiyo, na usiendeshe gari mwenyewe. Kurudishwa nyumbani ukiwa mzima si aibu.

Dawa nazo usizichezee. Aspirini na klopidogreli ndizo zinazozuia damu isigande kwenye stenti, na klopidogreli wengi huandikiwa mwaka mzima. Kujisikia vizuri si ruhusa ya kuziacha. Mimi huhesabu vidonge kila Jumamosi, nisije nikajikuta nimebakiwa na kimoja na mshahara bado. Wanaume wenzangu, ukipewa ile dawa ya maumivu ya kifua ya kuweka chini ya ulimi, nitrogliserini, usimeze vidonge vya nguvu za kiume. Vikikutana, presha inaweza kushuka kwa hatari. Niliuliza habari za chumbani mke wangu akiwa nje, na daktari alinijibu bila kushangaa hata kidogo.

Wageni wanakuja kwa upendo, ila mmoja alinisimulia baba yake mdogo aliyeruhusiwa kama mimi na akazikwa ndani ya wiki. Usiku ule sikulala kabisa. Siku hizi mke wangu anawapokea kibarazani, robo saa wanaaga, na hadithi za misiba anazikata mapema.

Kilichonisaidia zaidi ni kutembea alfajiri, kabla joto halijapanda. Nilianza na dakika tano, mpaka duka la kona. Kipimo nilichopewa ni kwamba niweze kuzungumza huku natembea. Nikishindwa kumaliza sentensi, napunguza mwendo. Jirani yangu akajiunga. Sasa tunafika nusu saa. Jana tumekwenda mpaka kituo cha daladala na kurudi, tunabishana Simba na Yanga, na niliposhika geti ndipo nikagundua kwamba njia nzima sikuwa nimeusikiliza moyo.