Barua kwa Mwanangu: Kompyuta, Qanuni na Mengine Uyapendayo

Mwanangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Barua yako nimeipata. Umeniuliza kama yakupasa kuacha qanuni, ile ala ya nyuzi nyingi ya taarabu, santuri zako za zamani na usomaji wako wa habari za herufi na uchapaji, ubaki na kuandika programu tu, kwa kuwa mkuu wako kazini amekwambia kuwa mwenye kupenda mengi hafiki mbali katika lolote. Amesema kweli kwa sehemu, na sehemu hiyo nitaifikia, lakini qanuni usiiache.

Nianze na Donald Knuth, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, ambaye najua unamheshimu. Mwaka 1977, alipoletewa kurasa za majaribio za toleo jipya la kitabu chake, alichukizwa na sura ya herufi zilizopangwa kwa mtambo mpya, akaweka kando uandishi wake na kuanza kutengeneza TeX, programu ya kupanga maandishi ambayo ilimchukua takriban miaka kumi na ambayo mpaka leo hupangia makala nyingi za hisabati duniani. Mtu huyohuyo ana kinanda cha mabomba nyumbani kwake, na mwaka 2018, alipotimiza miaka 80, utungo wake mrefu wa ala hiyo ulipigwa kwa mara ya kwanza huko Piteå, Uswidi. Sisemi kwamba kila apendaye herufi na muziki atakuwa Knuth. Nasema kwamba TeX isingezaliwa na mtu asiyejali sura ya herufi, hata angekuwa hodari kiasi gani wa kompyuta.

Kwa upande wako ushahidi uko karibu zaidi. Vinanda vya umeme unavyoviunganisha na kompyuta huwasiliana kwa mfumo wa MIDI, uliotoka mwaka 1983 baada ya Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Japani kuwavuta watengenezaji waliokuwa wakishindana wakubaliane juu ya lugha moja ya ala. Lilikuwa jambo jema, na wanamuziki wengi wamenufaika nalo. Hata hivyo, katika mfumo huo kila nota imepewa namba, kuanzia 0 hadi 127, na kutoka namba moja hadi inayofuata ni nusu toni, yaani hatua ndogo kabisa ya piano. Sasa chukua bayati, mojawapo ya maqamu, yaani ngazi za nota za muziki wa Kiarabu na taarabu, inayoanzia re: nota yake ya pili si mi wala mi bemoli, yaani mi iliyoshushwa nusu toni, bali hukaa baina ya hizo mbili, na haina namba. Mpiga fidla wa taarabu husogeza kidole tu, na mpiga qanuni hunyanyua au hulaza vile vipande vidogo vya chuma vilivyo chini ya nyuzi. Mwandishi wa programu, yeye, hana budi kuipinda sauti kwa amri yenye ngazi 16,384, ambayo katika mpangilio wa kawaida hufika toni moja juu na toni moja chini, kwa hiyo robo toni, ambayo ni takriban kadiri ya kuishusha mi hiyo, ni ngazi 2,048. Tena amri hiyo hupinda kila nota iliyo kwenye chaneli ileile, yaani njia ileile ya kupitishia amri, kiasi kwamba ukiishusha mi, re iliyoshikiliwa nayo inashuka. Ni mwaka 2018 tu ndipo ulipopitishwa rasmi utaratibu wa MPE, wa kuipa kila nota chaneli yake, na MIDI 2.0 ya mwaka 2020 ikaruhusu kila nota kupindwa peke yake.

Mtu ambaye sikio lake halijapata kuisikia bayati ataziona namba zile kana kwamba ndiyo maumbile yenyewe ya sauti. Wewe unajua kwamba ni uamuzi uliofanywa na watu, mezani, kwa kufuata muziki waliolelewa nao, na ujuzi huo hakuna kozi ya programu iliyokupa.

Niongeze moja kwa ufupi, maana naona ngoma nazo umezitaja: mwaka 2005 Godfried Toussaint wa Chuo Kikuu cha McGill alionyesha kwamba njia ya kale ya Euclid, mwanahisabati wa Kigiriki, ya kutafuta kigawo kikubwa cha shirika cha namba mbili, ukiitumia kusambaza mapigo 3 katika nafasi 8, hukupa mdundo wa 3, 3 na 2 unaosikika katika muziki wa mataifa mengi.

Ile sehemu ambayo mkuu wako amesema kweli ni hizi habari za simu mpya na vifaa vipya unazozifuata kila usiku. Hizo, mwanangu, punguza bila huruma. Haziwi ujuzi, na mwakani hazitakufaa.

Kuhusu programu yako ya kufunzia maqamu, usiifunge kwenye ile 2,048. Mwaka 1932 wataalamu walikutana Cairo wakajadili kama oktava, yaani umbali wa kutoka do hadi do ya juu yake, igawanywe sehemu 24 zilizo sawa, wasiafikiane, na mpaka leo Waturuki huiweka nota ya tatu ya maqamu ya rasti juu zaidi kuliko Wamisri. Weka mahali ambapo mpigaji atairekebisha mwenyewe kwa sikio, kisha nitumie nijaribu pamoja na wazee wa klabu ya taarabu, ambao nakuhakikishia hawatakubaliana hata wao kwa wao.

Mama yako anakusalimu.

Baba yako
Unguja