Mikono ya Saisi: Majibu kwa Wenye Farasi na Punda

Barua za mwezi huu zimetoka Timau, Barka na Lamu. Ya Timau nimeipa nafasi kubwa, maana inagusa kazi ya saisi, yaani mtunza farasi, niliyoanza nayo ujanani katika mabanda ya farasi wa mbio ya Ngong, Nairobi, kabla sijawa mkandaji wa farasi.

Swali: Mzee, salamu nyingi. Ninatunza farasi wa kupandwa na wageni. Mmoja wao, dume mwekundu aliyehasiwa, ana miaka 14. Nikimkaza mkanda wa tandiko hulaza masikio nyuma na kugeuka anataka kuniuma. Nikimpitishia brashi nyuma ya mabega, mgongo unadidimia. Tajiri wangu anataka kuita mtu wa masaji kutoka Nairobi. Je, kumkanda farasi kunasaidia kweli? Na mimi mwenyewe naweza kufanya nini? – *Saisi, Timau*

Jibu: Ndugu yangu saisi, kunasaidia, na sehemu kubwa ya kazi hiyo iko mikononi mwako, kwa sababu wewe ndiye unayemgusa asubuhi na jioni. Lakini kabla hujaweka kidole, tafuta kinachomuumiza. Ukimkanda leo, kesho ukamrudishia tandiko lilelile linalombana, mmechoka bure wewe na yeye.

Anza na tandiko. Siku atakayorudi ameloa jasho, livue taratibu utazame mgongo. Jasho linatakiwa lienee sawasawa pande zote mbili. Ukiona mahali pakavu penye ukubwa wa kiganja katikati ya jasho, hasa nyuma ya bega, ujue hapo tandiko linakandamiza mno hata jasho linashindwa kutoka. Nywele nyeupe mahali hapo, kwa farasi mwekundu, huwa ni alama ya mbano wa zamani. Mwite tajiri aje aone papo hapo, kabla mgongo haujakauka. Mwenye farasi hubishana na maneno ya saisi, lakini sijaona anayebishana na alama ya jasho.

Kisha fikiria tumbo, jambo ambalo wengi hulisahau. Tumbo la farasi hutoa asidi usiku na mchana, awe anakula au hali, kwa kuwa aliumbwa kula kidogo kidogo siku nzima. Akifungiwa na fungu la nyasi linaloisha saa tatu usiku, asidi inabaki ikichoma tumbo tupu hadi alfajiri, na vidonda huanzia hapo. Farasi mwenye vidonda vya tumbo hukasirikia mkanda kama huyu wako. Hilo ni la daktari wa mifugo kulipima. La kwako ni kuhakikisha nyasi hazimwishii usiku. Meno na kwato pia zikaguliwe. Farasi anayetembea vibaya kwa ajili ya kwato ndefu hukaza mgongo mzima.

Sasa tuje kwenye mikono. Farasi hana mtulinga kama sisi. Miguu yake ya mbele, inayobeba karibu asilimia 60 ya uzito wake, haikuungwa na kiwiliwili kwa mfupa. Kifua kinaning'inia kati ya mabega kwa misuli mitupu. Misuli hiyo ya kifuani na ya nyuma ya kiwiko huchoka, hukaza, na ndipo mkanda wa tandiko unapopita.

Usimfunge kwa kamba fupi. Mwenzako amshike kamba ikiwa legevu, aweze kusogea akikataa. Simama ubavuni mwa bega, uweke kiganja kizima chini ya singa, pale shingo inapokutana na mwinuko wa mabega, kisha utulie bila kukisogeza. Farasi wawili wanaopendana hukunana kwa meno mahali hapohapo. Watafiti waliowachunguza farasi wa Camargue, Ufaransa, walichapisha mwaka 1993 kwamba kumkuna farasi hapo hushusha mapigo ya moyo wake. Kwa hiyo usipaone kuwa mahali pa salamu tu. Mwili wake unaanza kutulia.

Pumzi ikishuka, teremka polepole hadi nyuma ya bega, halafu fuata mgongo ukiacha upana wa vidole vinne kutoka kwenye uti. Juu ya mfupa wenyewe usibonyeze kamwe. Tumia ncha za vidole kama unavyobonyeza embe kujua kama limeiva. Msuli wenye afya hubonyea na kurudi, uliokaza hukukatalia. Ukiupata uliokaza, usiuchimbe. Laza kiganja juu yake, zungusha polepole kwa uzito mdogo, ungoje ulegee.

Macho yako yawe usoni pake muda wote. Jicho likilegea, mdomo wa chini ukaning'inia, akalamba, akatafuna pasipo kitu mdomoni au akapiga miayo, umefika mahali penyewe. Akikaza taya, akapiga mkia, ngozi ikamtetemeka, punguza uzito au ondoka hapo. Mara nyingi miayo huja baada ya mkono kuondoka, kwa hiyo mpe nafasi kabla ya kuendelea. Dakika 20 kwa siku zinamtosha.

Misuli ikishapata joto, chukua karoti. Mwongoze aifuate hadi ubavuni, kushoto na kulia, kisha chini katikati ya magoti, kila upande mara 5. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulitumia mazoezi ya namna hii siku 5 kwa wiki kwa miezi 3, na misuli midogo inayoushika uti wa mgongo ikaonekana kunenepa. Karoti inasogezwa polepole. Ukiivuta kwa haraka atarusha shingo na zoezi limeharibika.

Siku nyingine usimkande kabisa. Akiwa na homa ya zaidi ya nyuzi 38.5, akiwa na jeraha au uvimbe wa moto, mwache. Huko kwenu mvua zikiisha visubi, wadudu wadogo wanaouma, ni wengi, na ndio wanaoeneza maradhi ya farasi ya Afrika. Vishimo vilivyo juu ya macho vikijaa na kuvimba, hapo hakuna habari ya kukanda. Mweke bandani atulie, umpigie daktari saa hiyohiyo.

Kuhusu mtu wa Nairobi: mkandaji mzuri atauliza kwanza daktari alisema nini, atataka kuona tandiko, na atakuomba umtembeze farasi mbele yake kabla hajamgusa. Kutibu ni kazi ya madaktari wa mifugo waliosajiliwa; sheria yetu ya mwaka 2011 inasema hivyo, na Uingereza wana sheria yao ya tangu 1966. Akija mtu anayesema atarudisha kwa mikono mfupa wa uti uliotoka mahali pake, mwambie tajiri afunge mkoba. Uti wa farasi umefunikwa na misuli minene mno kwa jambo hilo. Sumaku na mafuta ya kunukia mimi sivitumii.

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni Mzanzibari, nafanya kazi kwenye banda la farasi wa mbio ndefu hapa Barka, Oman. Farasi jike mmoja alipumzishwa siku nzima. Kesho yake alipotoka, haukupita muda akasimama ghafla, jasho linamtiririka, matako yamekuwa magumu kama ubao, na mkojo ni wa rangi ya kahawa. Wenzangu walimkanda kwa mafuta ya moto na kumtembeza ili alegee. Tulifanya sawa? – *Baba Salma*

Jibu: Marahaba, Baba Salma. Hapana, na naomba uwaambie wenzako leo hii. Misuli ya farasi huyo ilikuwa inavunjika. Ile rangi ya kahawa kwenye mkojo inatoka kwenye misuli yenyewe, na ikipita kwa wingi huweza kuziharibu figo. Kila hatua anayotembezwa huongeza madhara, na mkono juu ya msuli wa namna hiyo ni mateso kwake. Siku nyingine asimame palepale alipo, apewe maji, afunikwe kama kuna baridi na awekwe kivulini kama kuna jua, na daktari aitwe.

Chanzo kimoja kinachojulikana ni kupumzishwa huku akila nafaka ileile ya siku ya kazi. Ngong mbio ni Jumapili. Mabanda makini hupunguza nafaka usiku huo na Jumatatu yote, yakaongeza nyasi. Nanyi fanyeni vivyo hivyo. Kumkanda kutakuja baadaye, daktari akisharuhusu, kwa kiganja chepesi.

Swali: Assalaam aleikum. Punda wangu hubeba mchanga na mawe ya kujengea hapa Lamu. Je, naye anafaa kukandwa kama farasi? – *Mwenye punda, Lamu*

Jibu: Waaleikum salaam. Anafaa sana, tena anahitaji zaidi, maana punda huficha maumivu mpaka yamezidi. Ukimpakua jioni, pitisha kiganja mgongoni na mbavuni taratibu. Popote atakapokaza au kuinamisha kichwa, funua nywele utazame. Kisha mpapase masikio kutoka shinani hadi nchani, upole kabisa. Linda Tellington-Jones, mzaliwa wa Kanada, amewafundisha watu wengi duniani kumgusa farasi hivyo, na punda wengi nao hutulia. Juu ya kidonda usiguse. Mpeleke kwenye hospitali ya punda ya The Donkey Sanctuary iliyoko hapo mjini kwenu tangu 1987, na asibebe mzigo mpaka ngozi ipone na nywele ziote.