Maswali ya Wasomaji: Mabasi Jinja Road, X nyekundu ukutani, na wapi tutavuka

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 Kampala inazungumzia mabasi yaendayo haraka, yenye njia yao wenyewe katikati ya barabara. Barua nyingi tulizopata zinatoka upande wa mashariki, Nakawa hadi Mukono, kando ya Jinja Road, ambako mikutano ya vijiji inabishana njia ipite wapi. Wanaojibu ni mhandisi wa barabara na mthamini wa ardhi.

Ndugu mhariri, mkutano wetu umegawanyika. Wengine wanataka mabasi Jinja Road, wengine wanasema reli ipo tayari, tuongeze treni tu. Nani ana haki?
*Mwenye duka, Kireka*

Watu wa reli wana hoja moja nzito: ardhi ya reli ilitengwa zamani, reli ikiwa imefika Kampala mwaka 1931, na treni ya abiria ya Kampala–Namanve iliyoanza Desemba 2015 ilionyesha kwamba abiria wapo. Shida ni kwamba reli ni moja. Treni ya kwenda na ya kurudi hupishana pale tu penye njia ya pili. Chukua mfano wa vituo viwili vya kupishana vilivyoachana kwa dakika 12. Treni ya pili haiwezi kuondoka kabla ile ya kurudi haijafika: dakika 12 za kwenda, 12 za kurudi, na kama 6 za kupanga njia na ishara. Hizo ni treni mbili kwa saa. Treni ya mabehewa 8, watu 100 kwa behewa, inachukua 800, basi kwa saa nzima ni watu 1,600 upande mmoja. Kuzidisha hapo ni kujenga reli ya pili, na ukishajenga ya pili hoja ya "ipo tayari" imekwisha.

Basi la mita 18, lile lenye kiungo katikati, hubeba kama watu 140. Likipita kila dakika, ni watu 8,400 kwa saa. Kwa taksi za abiria 14 ungehitaji taksi 600 kwa saa, moja kila sekunde 6, na hapo hujahesabu boda boda.

Kwa hiyo sisi tuko upande wa barabara. Treni ibaki kwa wanaotoka mbali, Namanve na Mukono, ambao kusubiri nusu saa si neno wakiijua ratiba.

Lakini basi kila dakika lina masharti yake, na masharti hayo ndiyo yanayoamua ukuta wa nani utaanguka. Fanyeni hesabu ya upana. Njia mbili za mabasi, mita 3.5 kila moja: 7. Njia nne za magari mengine, mita 3.25 kila moja: 13. Kingo za kutenganisha: 1. Njia za miguu pamoja na mitaro, mita 3.5 kila upande: 7. Jumla mita 28. Kwenye kituo ongezeni jukwaa la mita 4 na njia ya kupitana kila upande, 7 nyingine. Mmefika 39.

Njia ya kupitana ndiyo ya kwanza kufutwa bajeti ikibana. Ikifutwa, basi moja likizimika kituoni mstari mzima unasimama nyuma yake, na basi la moja kwa moja linafuata mkia wa lile linalosimama kila kituo. Dar es Salaam, awamu ya kwanza ya Kimara hadi Kivukoni iliyoanza kazi Mei 2016, waliziweka.

Ipo namna ya kupunguza ubomoaji bila kuzifuta: majukwaa ya pande mbili yasikae mkabala, yaachane kwa mita mia hivi. Hapo kila mahali panahitaji jukwaa moja na njia moja ya kupitana, na upana unashuka kutoka 39 hadi 35.5. Mita tatu na nusu ni chumba kizima cha duka.

Nasi twadhani mnabishania kitu kisicho chenyewe. Mstari wenyewe hautahama sana, maana barabara iko pale ilipo. Kinachohamishika ni kituo. Kukisogeza mita 150 hadi penye uwanja mpana, au mbele ya ghala badala ya mstari wa maduka, ni jambo ambalo mhandisi anaweza kulikubali mezani bila kurudi kwa waziri. Ombeni michoro ya kipimo cha 1:1000, ambapo sentimita moja ni mita 10, yenye mpaka wa hifadhi ya barabara na alama za majengo. Ramani ya mradi mzima kwenye karatasi moja haiwezi kukuonyesha kama duka lako limo.

Wapimaji wamechora X nyekundu na namba ukutani kwangu. Nina kibanja (haki ya kukaa kwenye ardhi ya mwingine) kwenye ardhi ya mailo (ya mtu mwenye hati ya kudumu), sina hati. Mwenye ardhi anasema fidia ni yake. Nianze kuhama?
*Mama wa watoto wanne, Banda*

Mama, usihame. Rangi ukutani ni alama ya kazi ya wapimaji, si amri ya kuondoka. Katiba ya 1995, ibara ya 26, inataka fidia ya haki na ya kutosha ilipwe kabla serikali haijachukua mali. Zamani Sheria ya Utwaaji wa Ardhi ya 1965 iliruhusu kuingia kwanza na kulipa baadaye. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu, katika kesi iliyotokana na barabara ya Hoima–Kaiso–Tonya, ilisema kifungu hicho kinapingana na Katiba.

Kuhusu mwenye mailo: kibanja chako ni haki inayotambuliwa na Sheria ya Ardhi ya 1998 kama wewe ni mkaaji halali au wa nia njema. Nyumba, mimea na vyote ulivyojenga ni vyako. Ubishi unabaki kwenye thamani ya ardhi tupu, ambayo mnagawana. Msipoelewana, fedha za ardhi ndizo zinazokwama, mara nyingine miaka, na hata hapo za nyumba hazina sababu ya kuzisubiri. Karatasi yoyote anayokuletea uitie sahihi "ili malipo yaende haraka", isome na mtu mwingine kwanza.

Sasa kusanya: mkataba wa kununulia kibanja, risiti za busuulu (kodi ya mwaka kwa mwenye ardhi), barua ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), kitambulisho cha taifa na akaunti ya benki yenye jina lilelile. Jina ndilo linalochelewesha watu wengi kuliko bei. Fomu ikiandika "Nakato" na kitambulisho "Nakatto", benki hurudisha fedha. Kama kibanja bado kina jina la marehemu, anza mirathi leo: kwanza cheti cha kutopinga kutoka kwa Msimamizi Mkuu wa Mirathi, kisha barua za usimamizi kutoka mahakamani. Ukingoja siku ya malipo umechelewa.

Mthamini akija uwe nyumbani, na mumeo au mkeo awepo, kwa kuwa ardhi ya familia haiuzwi wala kutolewa bila ridhaa ya mwenzi. Tembea naye. Hakikisha ameandika ukuta ni wa tofali la kuchoma na si udongo, sakafu ya saruji, choo, tangi la maji, ua, makaburi, na miti kwa idadi, iliyokomaa mbali na michanga. Mimea hulipwa kwa viwango vya bodi ya ardhi ya wilaya, na mgomba unaozaa haulingani na chipukizi. Jengo la mjini hulipwa kwa bei ya soko. La kijijini kwa gharama ya kulijenga upya ikitolewa uchakavu. Ukiona nyumba ya mjini imekatwa uchakavu, uliza kwa nini. Piga picha ya fomu kabla hujatia sahihi, kurasa zote.

Juu ya jumla kuna posho ya usumbufu: asilimia 15, au asilimia 30 ukipewa notisi ya chini ya miezi sita. Kwa tathmini ya shilingi 40,000,000 ni 6,000,000 au 12,000,000. Tofauti hiyo hufutika kimyakimya pale tarehe ya notisi inapoandikwa ya nyuma, kwa hiyo andika mwenyewe siku uliyoipokea na nani aliileta.

Mengine mawili, kwa ufupi. Ukijenga baada ya tarehe ya ukomo iliyotangazwa, yaani siku hesabu ya watu na mali inapofungwa, hulipwi. Na kama wanachukua nusu ya nyumba, omba kwa maandishi wachukue yote. Ukuta uliobaki hauna mpangaji.

Kama hukubaliani na kiasi, anza na kamati ya malalamiko ya mradi, nenda kwa Mthamini Mkuu wa Serikali, kisha Mahakama Kuu. Majirani zako waliojenga ndani ya hifadhi ya reli hali yao ni ngumu zaidi, lakini mradi ukiwa na fedha za Benki ya Dunia, kanuni zake zinataka hata asiye na haki ya ardhi alipwe jengo lake na asaidiwe kuhama, alimradi alikuwepo kabla ya tarehe ya ukomo.

Naendesha taksi Mukono–Kampala. Basi moja likibeba watu 140, sisi kumi tumekwisha?
*Dereva, Mukono*

Hesabu yako ni sahihi, na asikudanganye mtu kwamba kila kondakta atapata kazi kwenye basi. Mabasi 100 yenye zamu mbili yanahitaji madereva 200 na wa akiba, basi. Kazi iliyobaki iko kwenye njia za kulisha, zinazoleta abiria hadi vituo vya mabasi: Kireka kwenda Namugongo, Bweyogerere kwenda Buto, Seeta kwenda ndani. Safari ni fupi, mafuta machache, mizunguko mingi, ila nauli ni ndogo, na hesabu ya kila siku unayompelekea mwenye gari haitatoka ikibaki ileile.

Chama chenu kiandikishe mapema kila gari la njia hiyo: namba ya usajili, mwenye gari, dereva, kondakta, stejini. Mradi ukianza kugawa njia za kulisha au fidia ya magari, asiye kwenye orodha hayupo. Pia daini tarehe: taksi ziondolewe Jinja Road baada ya mabasi kufanya kazi miezi kadhaa, si kabla.

Kwa nini wasipitishe kwenye bonde la Kinawataka? Hakuna nyumba za kubomoa.
*Mwalimu, Kyambogo*

Kwa sababu maji yamo. Tuta la barabara likikatiza ardhioevu huwa bwawa, na makalvati yake yakizibwa na chupa na mifuko, maji yanarudi nyumbani kwa watu wa juu. Dar es Salaam waliweka karakana ya mabasi Jangwani, bonde la Msimbazi, na mafuriko yakaifuata humo. Bwaise, mtaa wa Kampala kando ya bonde la Lubigi, wanaweza kukusimulia mengine.

Kama ni lazima kuvuka, na pana mahali lazima, iwe daraja au kalvati pana za mraba zinazosafishika, si mabomba. Tathmini ya mazingira inayopelekwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ni karatasi ya umma: fungua ukurasa wa mifereji uone wamehesabu mvua kubwa inayotarajiwa mara moja kwa miaka mingapi. Chini ya 50, pinga.

Natumia kiti cha magurudumu. Wanasema watajenga madaraja ya kuvukia. Nitapandaje?
*Msomaji, Nakawa*

Kwa shida. Ili malori yapite chini, sakafu ya daraja hukaa kwenye mita 6 hivi. Mteremko unaofaa kiti ni mita 1 kwa kila 12, basi njia ya kupandia ni mita 72, na ukiongeza vituo vya kupumzika kila mita 9 inazidi 80. Kupanda 80, kushuka 80, kuvuka barabara ya mita 28. Wazima wenyewe hawapandi. Hukatiza chini kati ya magari.

Ombeni kivuko cha hapohapo barabarani, chenye taa, kila penye kituo, barabara ikiinuliwa usawa wa njia ya miguu ili magari yapunguze mwendo. Njia mbili za magari ni mita 6.5 tu: kwa mwendo wa polepole wa mita 0.8 kwa sekunde ni sekunde 8 hadi kwenye kisiwa cha katikati, kisha unasubiri nusu ya pili. Addis Ababa, treni yao ya mjini iliyofunguliwa mwaka 2015 ilizungushiwa uzio katikati ya barabara, na watu wakaanza kuzunguka mbali kufika ng'ambo. Katika michoro ya 1:1000 tafuteni alama za vivuko na mpime umbali kati yake. Ukizidi mita 300 penye watu wengi kama Nakawa, andikeni pingamizi, mtaje namba ya ukurasa wa mchoro.