Jibu: Baba haongei tangu apate kiharusi (Tukuyu)

Pole sana dada. Baba kukosa maneno baada ya kiharusi si kwamba akili imepotea. Mara nyingi mgonjwa anaelewa kuliko anavyoweza kujibu, ndiyo maana anakasirika mkimsemea mbele ya wageni. Zima redio, kaa mbele yake, ongea naye Kinyakyusa alichokulia. Uliza swali moja la ndiyo au hapana, "Unataka chai?", mwonyeshe kikombe, kisha subiri. Subiri kweli, hata kimya kikikuuma.

Uji anywe akiwa ameketi wima. Akipaliwa mara kwa mara, mpeleke hospitali wakaangalie anavyomeza. Akichanganyikiwa ghafla au kulala isivyo kawaida, msingoje asubuhi: yaweza kuwa malaria, maambukizi ya mkojo, sukari kushuka au kiharusi kingine.